Chai ya Waturuki ni chai, tapu ni tapu

Juzi saa sita usiku msomaji wangu mmoja kanitumia picha za fleti Alanya, Uturuki, balkoni inatazama bahari, na dalali kamwambia atume kianzio kabla ya Ijumaa la sivyo kuna Mrusi anaichukua. Moyo ulinilipuka. Maneno hayohayo, hadi huyo Mrusi, niliambiwa mimi mwaka 2021. Nikaona bora niandike hapa wote msome, maana sisi tulioko Ulaya najua ndoto yetu ni moja, kanyumba penye jua, watoto wakifunga shule unabeba mabegi unaondoka.

Kwanza wema wao, maana sitaki mtu aseme namchafua Mturuki. Ule wema ni wa kweli jamani. Ukiingia nyumbani kwa watu unavua viatu, unapewa ndala za ndani, unamiminiwa kolonya, manukato ya limau, mikononi, halafu chai kwenye vile vigilasi vyembamba kiunoni, ukimaliza unaongezewa, ukimaliza unaongezewa, mpaka ulaze kijiko juu ya gilasi ndo wanajua umetosheka. Mgeni wanamwita misafir, na aliyekuja bila taarifa wanamwita Tanrı misafiri, mgeni wa Mungu. Na mimi mtu wa Tanga, mzee akiniambia "merhaba", salamu yao, mdomo wenyewe unatafuta shikamoo ya kutanguliza.

Lugha nayo usiiogope. Habari wanaita haber, hesabu ni hesap, dunia ni dünya. Ev ni nyumba, evim nyumba yangu, evimde ndani ya nyumba yangu, yaani wao wanabandika nyuma kama sisi tunavyobandika mbele. Na hakuna neno la kiume na la kike la kukuumiza kichwa kama Kijerumani.

Sasa kilichonipata. Dalali alinipokea airport ya Antalya bure, akaniita abla, yaani dada, siku ya pili akanipeleka kwa mama yake tukala mchana mzima. Mama wa watu kanishika mashavu, kanifungashia na chakula. Mimi nishalainika, nkajiambia mtu aliyenilisha kwa mama yake hawezi kunidhulumu. Kabla ya kusaini tukapita kuiona fleti mara ya mwisho, chini tukamkuta kapıcı, yule mzee anayetunza jengo. Nkamwonyesha juu, nkamuuliza kwa maneno yangu mawili, "Tapu, tamam?", yaani hati ya umiliki wa nyumba, iko sawa? Mzee akanitazama machoni, akainua nyusi, akapiga ulimi, tsk. Nkajua kanisonya. Mtu mweusi ugenini, ukisonywa unaelewa unachoelewa, nkampa mgongo. Dalali akasema huyo mzee mkorofi kwa kila mtu.

Kumbe kuinua nyusi na kupiga ulimi ndo "hapana" yao. Yule mzee alinijibu swali langu, tena peke yake siku ile nzima ndo alonambia ukweli.

Nikatoa kaparo, kianzio, euro 3,000, nkasaini karatasi ya Kituruki nisiyoweza kuisoma. Wiki mbili baadae, nimesharudi Ujerumani, rafiki yangu Mturuki kazini akanisaidia kufuatilia: fleti ina ipotek, imewekwa rehani benki, na jengo halina iskan, kile kibali cha kwamba watu wanaruhusiwa kuishi. Nkasema sinunui. Karatasi ikasema mnunuzi akijitoa kaparo hairudi. Zile pesa ni zamu zangu za usiku za kutunza wazee, na mpaka leo nikizikumbuka nakaa chini.

Habari za simu na wanasheria naziruka, hazikuzaa kitu. Mwaka 2023 nikarudi, safari hii mji wa Didim, fleti ya 2+1, vyumba viwili na sebule, na mambo nikayafanya mwenyewe. Tapu nkaiona kabla ya senti kutoka. Ofisi ya tapu nkaenda kwa miguu yangu, na kama hujui Kituruki sheria inataka mtafsiri aliyeapishwa akae pembeni yako, basi wangu nkamlipa mwenyewe, sikuchukua wa dalali. Ofisa akamuuliza muuzaji mbele yangu, pesa umepokea yote? Akajibu evet, ndiyo, tukasaini, ushuru wa tapu asilimia 4, bima ya tetemeko DASK ambayo ni lazima, basi. Pale ofisini hatukupewa hata chai na nililia kwa furaha.

Kwa hiyo ndugu zangu, muwapende, mle nao, mnywe chai, ila karatasi isiyosomeka kwako usisaini, hata akuandikie malaika. Nenda ofisi ya tapu mwenyewe. Narudia, nenda mwenyewe. Na msidanganywe kwamba ukinunua tu unapata kibali cha kuishi, tangu Oktoba 2023 nyumba lazima ifike dola 200,000, na kuna mitaa imefungwa kwa wageni kujiandikisha. Na wewe unayepanga kupangisha watalii kwa siku siku, tangu Januari 2024 ukipangisha kwa muda usiozidi siku 100 unahitaji leseni, na wenye fleti wote wa jengo wakubali.

Jirani yangu wa Didim, teyze, yaani mama mdogo, wa ghorofa ya chini, alinikaribisha na sahani ya börek, vitafunwa vya unga vyenye kujazwa ndani. Kwetu Tanga sahani ya jirani hairudi tupu, nkamrudishia na mandazi ya iliki. Kesho yake ikaja tena na majani ya mzabibu yaliyofungwa wali.

Dada wa Alanya, usitume kitu Ijumaa. Mwombe picha ya tapu leo, na ukifika pale mtafute kapıcı kabla ya dalali. Mtafsiri wangu wa Didim nitakupa inboksi, Alanya sina mtu ila nitamuuliza.