Neno "sanction": ni kuidhinisha au kuadhibu?

Mwenzetu ameuliza kwa nini kamusi yake inalifasiri neno la Kiingereza "sanction" kuwa idhini, kisha mstari wa chini yake inasema adhabu, na ashike lipi. Maana zote mbili ni sahihi, na hasara ya kuzichanganya nimeishuhudia. Niliwahi kupewa nihakiki tafsiri ya muhtasari wa kikao cha chama kimoja cha ushirika. Kiingereza kilisema "the committee sanctioned the payment", na mfasiri akaandika kwamba kamati imeyawekea malipo hayo vikwazo, ilhali kamati ilikuwa imeyapitisha. Mhasibu aliyesoma nakala ya Kiswahili alikuwa amekwisha kuzuia fedha, na wakulima waliokwisha kupimiwa mazao yao wakawa wanarudi mikono mitupu.

Neno hili limetokana na kitenzi cha Kilatini "sancire", yaani kuifanya sheria iwe takatifu, isiyovunjwa. Sheria ya namna hiyo imepata ridhaa, na papo hapo imebeba adhabu ya atakayeikiuka. Ndiyo maana kuidhinisha na kuadhibu vimezaliwa tumbo moja.

Mimi hutazama kwanza kinachotendwa. Kikiwa ni jambo, kama malipo au safari, kitenzi hicho aghalabu ni kuidhinisha. Akiwa ni mtu, kampuni au nchi, ni kuadhibu. "State-sanctioned violence" nitaiandika ukatili wenye baraka za dola, kwa sababu "baraka" inabaki na ule utakatifu wa asili ambao "idhini" haina.

Katika wingi, hasa kwenye habari za kimataifa, "sanctions" ni vikwazo. Ndivyo tulivyoviita mwaka 1996, nchi jirani zilipokutana Arusha na kuibana Burundi kiuchumi baada ya Pierre Buyoya kutwaa madaraka kwa mapinduzi, na ndivyo vilivyoitwa hadi viliposimamishwa mwaka 1999.

Hata hivyo, naomba tusilibebeshe neno "vikwazo" kila mzigo. Kikwazo humzibia mtu njia ili abadili mwenendo. Mtumishi aliyekatwa mshahara kwa utoro hajawekewa kikwazo chochote. Kwake "disciplinary sanction" ni adhabu ya kinidhamu, na barua yake iandikwe hivyo, ili ajue ameadhibiwa na aweze kukata rufaa.