Jibu: Tulipu katika bustani ya Bukavu
Dada yangu, umeuliza kama vitunguu vya ua la tulipu (si vya kula) ulivyoletewa kutoka Uholanzi vitachanua Bukavu kwa muda mrefu. Vitachanua, lakini si bila baridi: huhitaji majuma 12 hadi 16 katika nyuzi 2 hadi 9, baridi ambayo haipatikani kando ya Ziwa Kivu, kwa hiyo uviweke katika friji, ndani ya mfuko wa karatasi, mbali kabisa na matunda, kwani gesi ya ndizi zinazoiva huharibu ua changa lililo ndani ya kitunguu. (Umeme ukikatika mara kwa mara, mpango huu ni mgumu.) Kisha uvipande kwa kina cha sentimita 15, mahali pasipotuama maji. Usivitoe vyote kwenye friji siku moja. Ukivipanda kwa mafungu, kila baada ya majuma mawili, maua yatafuatana. Mwaka wa pili usivitegemee kuchanua tena.