Jibu: Kwa nini Holman anaonekana katika vyama viwili

Salaam ndugu. Umeuliza kwa nini William Holman, aliyekuwa Waziri Mkuu wa jimbo la New South Wales nchini Australia, ameorodheshwa chini ya chama cha Labor katika jedwali moja la wabunge na chini ya chama cha Nationalist katika lingine, ilhali hakuna uchaguzi mdogo uliofanyika.

Majedwali yote mawili ni sahihi. Tazama kwanza tarehe ya kila moja, kwani ndiyo iliyonitatiza hata mimi nilipopanga orodha za aina hii. Bunge la jimbo hilo lilichaguliwa Desemba 1913, Holman akiwa Labor. Mwishoni mwa 1916 chama kikamfukuza pamoja na wenzake kwa kuunga mkono watu kuandikishwa jeshini kwa lazima, suala lililokataliwa katika kura ya maoni ya tarehe 28 Oktoba. Mbunge aliyefukuzwa chamani hakupoteza kiti, hivyo Holman aliunda serikali ya muungano na wapinzani wake wa jana, kisha akashinda uchaguzi wa Machi 1917 kwa jina la Nationalist.

Katika jedwali lako, weka safu ya chama siku ya kuchaguliwa na nyingine ya chama Bunge lilipovunjwa. Waliofariki au kujiuzulu ubunge waandike mahali pengine kabisa, usiwachanganye na waliohama. Jimbo jingine la Australia, Queensland, chini ya Waziri Mkuu wake wa Labor T. J. Ryan aliyepinga uandikishaji huo wa lazima, haitakusumbua kiasi hicho.