Kabla ya Kuigawanya Namba Kubwa, Chunguza Umbo Lake

Wanafunzi ninaowafundisha hisabati hupenda kuniuliza habari za namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana, ile iliyopatikana mwaka 2024 yenye tarakimu zaidi ya milioni 41. Mimi huwashauri waanze na 2,147,483,647, kwa sababu hiyo mtu anaweza kuithibitisha mwenyewe kuwa ni tasa kwa kalamu na karatasi.

Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 31, ukitoa 1. Kipeuo chake cha pili kinakaribia 46,341, na namba tasa zilizo chini ya hapo, ambazo ndizo pekee za kujaribu kama vigawo, ni zaidi ya 4,700. Usianze kuzijaribu moja moja. Tuseme q ni namba tasa na ni kigawo chake: basi 2 kwa kipeo cha 31, ikigawanywa kwa q, huacha baki 1, na kwa kuwa 31 yenyewe ni tasa, hakuna kipeo kidogo zaidi kinachofanya hivyo. Kanuni ya Fermat inatuambia kuwa 2 kwa kipeo cha q − 1 nayo huacha baki 1, kwa hiyo q − 1 lazima igawanyike kwa 31, na kwa sababu q ni witiri, igawanyike kwa 62. Tena, 2 kwa kipeo cha 32 huacha baki 2, na hiyo ni mraba wa 2 kwa kipeo cha 16; jambo hilo huwezekana tu pale q inapoacha baki 1 au 7 ikigawanywa kwa 8. Ukiunganisha masharti haya mawili, q ikigawanywa kwa 248 itaacha baki 1 au 63. Kuanzia 2 hadi 1,303, namba tasa zinazotimiza sharti hilo ni mbili tu, 311 na 1,303 yenyewe! Kwa njia hii mwanahisabati Euler, macho yake yakiwa karibu yamepofuka kabisa, alikamilisha kazi hiyo mwaka 1772 kwa kujaribu namba zisizofika mia.

Hata katika kugawanya, usihangaike na tarakimu zote kumi. Chukua 311. 2 kwa kipeo cha 8 ni 256, ambayo ni pungufu ya 311 kwa 55, kwa hiyo iandike −55. Mraba wake ni 3,025, unaoacha baki 226, yaani −85, na hicho ni kipeo cha 16. Zidisha −85 kwa −55 upate 4,675, ambayo huacha baki 10: umefika kipeo cha 24. Zidisha kwa 128, baki ni 36. Toa 1, inabaki 35. Basi 311 si kigawo.

Ukilitilia shaka sharti la kwanza, lijaribu kwenye 2,047, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 11 ukitoa 1. Hiyo si tasa, ingawa 11 ni tasa, na vigawo vyake, 23 na 89, vyote vimezidi kigawe cha 22 kwa 1.

Kipeo kikiwa kikubwa zaidi, hamia kwenye jaribio la Lucas na Lehmer, lililotumika pia kuithibitisha ile ya 2024. Lifanye kwanza kwa 127, ambayo hutokana na kipeo cha 7: anza na 4, tafuta mraba, toa 2, chukua baki ya kugawanya kwa 127, kisha rudia. Utapata 14, 67, 42, 111, halafu 0, na sifuri hiyo kuja katika hatua ya tano, yaani 7 ukitoa 2, ndiyo uthibitisho kwamba 127 ni tasa.