Sinki la chini ya graniti limeachia upande mmoja

Habari mkuu, pole sana. Nimekusoma, sinki limefungwa kwa chini ya graniti, fundi kapaka silikoni peke yake, sasa upande wa koki umeachia na maji yanaingia kabatini.

Kabla hujanunua chochote ingia chini na tochi uangalie kama kuna vibanio au fremu yoyote, maana silikoni kazi yake kuzuia maji, sio kubeba. Lita 30 za maji ni kilo 30, bado masufuria.

Kama hakuna, lishushe lote. Kwangua silikoni ya zamani kwa wembe, futa na spiriti, acha jiwe likauke kabisa. Hapa ndo wengi wanaharibu, grainda ikikata jiwe inaacha vumbi laini kama unga wa muhogo, silikoni inashika vumbi badala ya jiwe.

Silikoni chukua ile isiyonuka siki, yenye siki inakula chuma. Vibanio viwe vya stenlesi, hewa yetu ya chumvi hapa Tanga haina huruma, na uvigandishe kwa epoksi, mi sikubali mtu atoboe jiwe la milimita 20.

Kisha paka silikoni kwenye kingo za sinki, lipandishe mahali pake, laza mbao juu ya kaunta, nyingine chini ya tundu la sinki la kutolea maji, zikaze kwa bolti ndefu inayopita kwenye tundu hilo mpaka silikoni itokeze pembeni, acha saa 24 ndo ufunge bomba la maji machafu. Mi kwangu niliongeza papi za 2 kwa 2 ndani ya kabati zinazobeba kingo za sinki, na ningekushauri ufanye hivyo hivyo.