Maswali ya Wasomaji: Kuonja Chai ya Majani Yenye Ladha

Swali: Nimeletewa pakiti tatu za chai ya majani, moja ya mchaichai, moja ya asmini na moja ya bergamoti (tunda la jamii ya limau na chungwa), lakini zote naziona chungu. Nizionjeje nyumbani ili nizilinganishe kwa haki? – Msomaji, Tanga

Jibu: Ndugu msomaji, huenda unayachemsha majani sufuriani kama tulivyozoea, ilhali chai hizi humiminiwa maji ya moto na kufunikwa. Waonjaji wa kitaalamu hupima gramu 2 kwa mililita 100 za maji na kuziacha dakika 6. Kwa kinywaji cha nyumbani, dakika 3 zatosha. Ile ya asmini, ambayo kwa kawaida ni chai ya kijani iliyolazwa pamoja na maua hadi ikashika harufu yake, itilie maji yaliyopoa hadi nyuzi 80 hivi. Sukari, maziwa na hata hiliki viweke kando. Nusa kwanza majani yaliyolowa, kisha vuta chai kijikoni kwa sauti (mkwe asiwepo karibu), ili hewa ipandishe harufu puani, na uandike ulichokihisi kabla ya kusoma maelezo ya pakiti. Onja tena ikipoa: bergamoti iliyozidi, kwa ulimi wangu, huacha ladha ya sabuni.