Barua kwa mwanangu: kuhusu ile filamu ya profesa

Mwanangu, meseji yako nimeisoma, unauliza kama hoja za ile filamu ya God's Not Dead ya 2014 zina uzito wa kuwaonyesha vijana wako wa kanisani. Uzito zinao, yule mwanafunzi Josh anaeleza mwanzo wa ulimwengu, anaeleza uovu umetokea wapi, vizuri tu. Mimi kinachonikaba ni profesa wake Radisson, yule anayemkana Mungu. Alikuwa na miaka 12 mama yake alipokufa kwa kansa, kasema mwenyewe, halafu kijana anambana mbele ya darasa, unamchukiaje Mungu kama unasema hayupo, na wanafunzi wanasimama mmoja mmoja kumuunga mkono Josh. Haya kashinda, lakini mama wa mtu kafa jamani!

Nimekwambia tangu uko sekondari, mtu akiuliza habari za Mungu sikiliza kwanza ana nini moyoni.

Ule msiba wa mtoto wa baba yako mdogo, wewe ulikuwa bado mtoto, hukumbuki. Tumekaa chini ya turubai, baba mdogo ana kikombe cha chai mkononi, akamuuliza mwinjilisti, kama Mungu anasikia, usiku ule alikuwa wapi? Yule bwana akafungua Biblia, andiko baada ya andiko, sauti inapanda, watu Amina, Amina, kama mkutano wa injili vile. Baba mdogo akaweka kikombe chini hata hajanywa akaondoka. Kanisani ndo ikawa basi. Mpaka leo nikikumbuka zile Amina nachemka. Bibi yako ndiye aliyemfuata, akakaa naye nyuma ya nyumba mpaka giza, hakufungua andiko hata moja, na huyo bibi ndo mtu pekee wa kanisa ambaye baba mdogo alikubali amwombee mpaka anazikwa.

Lakini tena siwezi kusema majibu hayana kazi. Mtoto wa mwaka wa kwanza anachekwa na lekchara wake, akimwona mwenzake anasimama anapata nguvu, hilo silikatai. Na Petro kasema tuwe tayari kumjibu kila mtu, ila watu wanaishia hapo, hawamalizii, "lakini kwa upole na kwa hofu". Ndo maana ile filamu ya The Case for Christ ya 2017 naipenda zaidi. Strobel, mwandishi wa gazeti la Chicago Tribune, anahangaika kutafuta ushahidi wa kuipinga imani ya mkewe, nyumba inakaribia kuvunjika, na mke hamshindi kwa hoja, anamwombea tu kwa lile neno la Ezekieli la moyo mpya.

Sikuambii uonyeshe wala usionyeshe, vijana ni wako, ingawa unajua kabisa nimeegemea wapi. Ila ukiionyesha hiyo God's Not Dead, isimamishe pale profesa anapomtaja mama yake, uwaulize wao wangemwambia nini, usingoje mpaka waanze kupiga makofi.